Mfagizi wa chuo asiyemwaga asichokijua

Saa kumi na mbili asubuhi, maabara ya chuo bado haina mwanafunzi hata mmoja. Mfagizi ameinua chupa ya maji ya kunywa kwenye mwanga wa dirisha, anaikodolea macho. Kilichomo ni angavu kama maji. Lebo haina. Kuifungua ainuse? Thubutu!

"Haya, wewe nini?" anaiuliza. Anaiweka chini polepole, anampigia simu fundi wa maabara.

Wanafunzi humwita Shangazi Nini-Hii, na jina limemkaa. Ana miaka hamsini na mmoja, kumi na minne ameimaliza na fagio hapa chuoni, na maswali yake hayaishi. Mbona hii ina alama ya fuvu? Mbona ile hufungiwa kabatini peke yake?

Zamani hakuwa hivyo. Miaka mitatu iliyopita wakaguzi walikuwa wanakuja, akaambiwa vyoo ving'ae. Wafagizi walikuwa na ufundi wao: dawa moja ikishindwa na madoa, ongeza ya pili. Akajifungia chooni, akamimina klorini juu ya asidi ya kusugulia.

"Weee! Kifua kilibana, macho yakawaka moto. Nilitoka natambaa," anasema. "Najiona nimetengeneza dawa kali, kumbe sumu."

Alilazwa siku nne. Daktari alimwambia mapafu yameumia, na ikitokea tena huenda asipone. Hadi leo, akipanda ngazi za maabara hupumzika mara mbili.

Fundi anafika, anachovya karatasi ya kupimia. Inageuka nyekundu.

"Asidi! Nani kaitia kwenye chupa ya maji, jamani?"

"Waulize stoo," Shangazi anamjibu. "Wanatugawia dawa kwenye chupa yoyote wanayookota. Nimesema mpaka mate yamenikauka."

Safari hii mkuu wa chuo amesikia. Jumatatu wanaanza kazi wafagizi saba wapya, mmoja wao wifi yake, mke wa kaka yake. Shangazi amepewa nusu saa azungumze nao, na kila jioni anafanya mazoezi sebuleni, mumewe akishika saa. Kikohozi humkatisha dakika ya tisa.

Anatamani afike mwisho. Lakini ameshajipanga.

"Hilo la kutochanganya dawa nimeliweka mwanzo kabisa," anasema, kiganja kifuani. "Pumzi ikikata, wifi yangu awe ameshalisikia."