Mizani Ilipopiga Hodi Izigo

Saa tatu na robo asubuhi, siku ya Jumatatu, karani wa ofisi ya serikali Bukoba aliniambia kwamba nilikuwa mmoja wa waombaji wawili waliobaki. Serikali ilikuwa imetenga ruzuku kwa watafiti wanaoanza. Mmoja wetu angelipwa mwaka mzima kupima kipato cha wakulima wa Buhaya.

Nilikuwa na miaka arobaini na miwili. Kazi yangu ilikuwa kupima kahawa Muleba. Takwimu nilijifunza mwenyewe kwa vitabu vya kuagiza kwa posta. Mshindani wangu, kijana wa Hamugembe, alikuwa ametoka chuoni ng'ambo ya ziwa. Aliniita mzee, kwa heshima, nami sikupenda.

Jaribio lilikuwa moja kwa wote: kupima chakula ambacho kaya hujilimia na kula. Kahawa ina bei. Ndizi ya kupikwa nyumbani haina, na ukiiacha nje ya hesabu, mkulima anaonekana anaishi kwa hewa. Yeye alichagua kijiji cha Ijumbi, mimi Izigo, kwa shangazi yangu na jirani zake. Niliomba likizo isiyo na mshahara.

Kwetu huingii kwenye kibanja cha mtu, penye migomba na nyumba yake, ukamkuta mama jikoni hajajiandaa. Kwa hiyo kila jioni nilituma habari nyumba nitakayofika kesho. Nilipofika nilipewa kahawa ya kutafuna, kisha mkungu wa siku hiyo ukaletwa, nikautundika kwenye mizani kwa kamba na kuandika ratili zake. Mikungu ilikuwa mikubwa. Nilifurahi.

Wiki ya pili, kwa jirani wa tatu, niliona mkungu wenye chane iliyochubuliwa na kamba. Alama ilikuwa ya kamba yangu. Mkungu huo nilikuwa nimeupima jana yake kwa shangazi.

Nilirudi kwake nikamuuliza jana walikula nini. Alisema maharage, na viazi vilivyobaki. Nikauliza mkungu ulikwendaje kwa jirani. Akacheka mpaka akaweka kisu chini.

"Ulibebwa kichwani, ungekwendaje? Mwanangu, mgeni anatuma habari kwamba anakuja na mizani. Ulitaka akute nini, aibu yangu?"

"Mimi si mgeni, shangazi."

"Ukija peke yako si mgeni. Ukija na hicho chuma, ni mgeni wa serikali."

Akaniambia kwamba mikungu mizuri ilikuwa michache, ikanitangulia kila nilikotuma habari. Hakuna aliyekusudia kunidanganya. Walinipa heshima ileile niliyowapa mimi kwa kupiga hodi mapema.

Nilifuta namba zote. Mbele ya kamati ya ruzuku nilieleza kilichotokea, nikaomba mwaka wa ruzuku nikae Izigo mpaka mizani izoeleke.

"Kwa hiyo huna jibu," mwenyekiti alisema.

"Bado sina, bwana. Nina sababu ya kutokuwa nalo."

Alisema ruzuku ni ya wanaoanza, na kwamba kuna tofauti kati ya anayeanza na aliyechelewa. Wajumbe wawili walitabasamu wakitazama meza.

Kijana aliwasilisha namba za Ijumbi, safi, zenye wastani wa kila kaya. Naye alikuwa ametuma habari kabla ya kufika. Ni mtoto aliyefunzwa adabu, asingefanya vinginevyo. Nje, barazani, nilimuuliza kama aliifuata mikungu yake mpaka chunguni.

"Mzee, walitaka namba. Chungu hawakukitaja."

Alipata ruzuku. Namba zake zilipigwa chapa, na kwa miaka kadhaa maofisa walizitumia kusema kwamba mkulima wa Buhaya anashiba vizuri na hana sababu ya kulalamikia bei ya kahawa. Nilizisikia nikiwa kwenye mizani yangu Muleba, nikipima magunia ya watu walewale.

Ruzuku ilikuwa shilingi elfu mbili na mia nne. Mshahara niliouacha na nauli vilikuwa shilingi themanini na sita. Ukihesabu na ile ambayo sikuipata, nilipoteza shilingi elfu mbili, mia nne na themanini na sita.