Mkebe wa Jitu la Chumvi

Wanawake wa rika langu, ukiingia sebuleni mwao, kabati la vioo limejaa seti za vikombe ambavyo hajavinywea mtu tangu vitoke Uarabuni. Kabati langu mimi limejaa mazimwi. Mna watu wasio na vichwa, mna maiti wanaorudi nyumbani kudai chakula, mna nyumba inayomeza wageni wake mmoja mmoja. Zote ni filamu za kutisha, na zote matoleo maalumu, yale yanayotolewa machache tu, ndani ya maboksi magumu au mikebe ya bati, pamoja na vijitabu, picha na diski ya ziada. Nasema hivi kwa kujisifu. Wajukuu zangu wa Mpendae huwaleta wenzao wa skuli waje waone, na watoto hao husimama mbele ya kabati mikono nyuma kama wamepelekwa kwa kadhi.

Sikusoma sana. Nilitolewa skuli mapema nikaozwa, na Kiingereza kilichoandikwa kwenye maboksi hayo sikijui. Lakini nipe filamu, nitakwambia ni ya zamani au ya juzi kwa kutazama damu tu. Za zamani damu yake nyekundu kama rangi ya kucha. Za siku hizi nyeusi, kama maji uliyooshea jodari.

Wapo wanaoniuliza mtu mzima kama mimi nayakusanya ya nini. Nami huwauliza: wewe una doti ngapi za kanga ndani ya sanduku, hujazikata, hujazipinda, na hujui utazivaa lini? Basi na tuachane.

Binti yangu anayekaa Maskati ndiye anayenitafutia. Na katika vyote alivyonipa, vilivyonipendeza zaidi ni mikebe ya jitu la chumvi. Ni filamu nne za jitu linaloishi kwenye mashamba ya chumvi, nchi za baridi huko, na kila filamu imo ndani ya mkebe wake wa bati. Ukiisimamisha minne pamoja inatoka picha moja: mwanamke anakimbia, kanyoosha mkono ulioshika taa, mbele yake uso wa jitu, na nyuma ya jitu chumvi tupu mpaka mwisho wa macho. Mikebe yenyewe imepakwa rangi ya kutu na damu iliyoganda, makusudi, kama kitu kilichofukuliwa ardhini. Mitatu nilikuwa nayo. Wa nne binti yangu aliupata kwa tabu, akasema hautii kwenye mzigo wa mtu, atauleta kwa mkono wake mwenyewe akija likizo.

Sasa nimtaje jirani yangu, maana bila yeye hakuna hadithi. Dirisha lake na langu yanatazamana. Kichochoro kilichoko baina yetu ni chembamba hata tukigombana tunanong'ona. Tulipokuwa wanawake wabichi tulipitisha kamba baina ya madirisha mawili, tukatundika kikapu, na tangu hapo vyombo vyetu vinasafiri juu ya vichwa vya wapita njia. Mimi nikimpelekea bakuli la samaki wa nazi, bakuli linarudi limeoshwa, na ndani mna embe, au kaimati, au hata malimau mawili kama siku hiyo hana kitu. Chombo hakirudi kitupu kwa mwenyewe. Desturi hiyo hatukufundishwa skuli, tuliikuta.

Mumewe alifariki baada ya kuumwa kidogo tu. Watu walijaa, matanga yakakaliwa, khitma ikasomwa, kisha kila mtu akaenda zake na yeye akabaki ndani kukaa eda. Nikawa nampelekea chakula kwa kikapu. Kinarudi kama kilivyokwenda, wali na mchuzi wake juu, umepoa. Nikasema huzuni hiyo, itapungua. Haikupungua. Mpaka siku moja akanigongea mke wa mwanawe, kashika sahani yangu kwa mikono miwili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umepanda ngazi zote hizi, kikapu kimekatika?"

"Bibi, samahani. Sahani hii haina kitu ndani."

Niliitazama. Sahani nyeupe, tupu. Nakwambia, nimeona watu wakichinjwa kwa msumeno kwenye sebule yangu nikaendelea kumenya vitunguu, lakini sahani ile ilinitisha.

"Chakula nimekula mimi kisipotee," akasema. "Mama hali, bibi. Maji tu. Jikoni haingii, na mimi nikipika hataki harufu. Anakaa kwenye mkeka anautazama mlango."

Basi niliona wazi kwamba tukimwacha hivi atamfuata mumewe, na eda haitaisha. Nikajifunga kanga, nikachukua deki yangu ndogo ya kuchezea diski na mkebe mmoja, ule wa tatu, nikashuka ngazi zangu nikapanda zake. Kwa nini wa tatu? Kwa sababu ndiyo filamu nzuri kuliko zote. Mgonjwa hapewi kiporo.

Nilimkuta kakonda, macho yameingia ndani.

"Umekuja kunilisha na wewe?" akaniuliza bila ya kunitazama.

"Nimekuja kukutisha."

Hapo akageuka. "Mimi mtu wa eda, unaniletea mashetani ndani ya nyumba?"

"Nimekuletea mzungu aliyepakwa rangi. Shetani unaye wewe hapo, anakunyima kula."

Sikumpa nafasi ya kujibu. Tulikuwa tumekwisha kusali alasiri, mlango umefungwa, wanawake peke yetu. Nikaunganisha nyaya kwenye televisheni yake, nikakaa naye mkekani bega kwa bega. Jitu likatoka kwenye chumvi. Likamla mume, likamla shemeji, likamla na yule jirani mbea, ambaye mimi huwa nafurahi akiliwa. Jirani yangu akanishika mkono. Kadiri jitu linavyokaribia ndivyo anavyozidi kuubana, mpaka pete ikanichimba. Sikuutoa. Mtu anayeogopa kufa hajafa.

Mwisho wake anabaki mwanamke mmoja. Asubuhi imeingia, wote wameliwa, nyumba imebomoka.

"Kabakia peke yake?" akauliza.

"Kabakia."

"Sasa huyu ataishije?"

"Tazama basi."

Mwanamke yule, nguo zimechanika, anaingia kwenye kilichokuwa jiko lake. Anapangusa kikombe kwa pindo la gauni. Anafungua mfereji, anakinga maji, anakunywa. Filamu inaishia hapo.

"Kazika wote," nikamwambia, "na kiu bado kaiona."

Nikamtilia diski ya ziada, ile inayoonyesha filamu ilivyotengenezwa. Hii ndiyo inayonifanya mimi nitake matoleo maalumu, si mikebe peke yake. Unamwona mchezaji wa jitu kakaa kwenye kiti cha kukunja, sura nzito imegandishwa usoni mwake kwa gundi, hawezi kufungua mdomo, na mama mmoja mfupi anamnywesha chai kwa mrija. Anamnywesha, anampangusa kidevu, anamnywesha tena.

Jirani yangu alianza kutikisika mabega. Nikadhani analia.

"Jitu zima," akasema, "jitu zima linalishwa kama kitoto!" Akacheka mpaka akajifunika uso kwa mtandio.

"Wewe je?" nikamwambia. "Si ndivyo tunavyotaka kukufanya?"

"Nyamaza, mbaya we." Akapangusa macho. "Deki yako niachie. Na mkebe wako niachie, kesho nataka kumwona tena yule mama wa chai."

Sasa ujue, mikebe yangu haiazimwi. Hata wanangu wa tumboni huangalia hapa hapa. Lakini niliuacha, nikarudi kwangu mikono mitupu.

Kesho yake dirisha lake halikufunguliwa. Keshokutwa pia. Kikapu kikaning'inia hapo kwenye kamba. Mke wa mwanawe alikuwa kaenda kwao Kiembe Samaki kumtazama mamake, na mimi goti langu liliniuma siku hizo, ngazi sizipandi. Chini kichochoroni wanawake wakaanza. Mmoja akasimama chini ya dirisha langu, kiuno kashika.

"Bi mkubwa, umempelekea mtu wa eda mazimwi, sasa kajifungia. Akipatwa na jambo utasema nini?"

"Nitasema nilikwenda," nikamjibu. "Wewe ulikwenda?"

Akauvuta mtandio wake akapita. Lakini nilipolifunga dirisha langu moyo ulikuwa unanidunda. Mdomo wangu haujapata kuogopa. Moyo ni kitu kingine.

Siku ya tatu, baada ya alasiri, nikasikia kamba inakwaruza.

"We jirani! Vuta!"

Nikavuta. Kikapuni mna bati linang'ara kama mwezi, limekaa juu ya kitambaa kilichokunjwa. Bati lina joto. Nikalifungua: visheti, vimepangwa mpaka juu, sukari bado haijakauka vizuri, iliki inanukia kichochoro kizima. Nikaurudisha mfuniko, nikaona kibonyeo kidogo pembeni ninachokijua.

"Mkebe wangu huu?"

"Wako, mwana wee. Ulikuwa na kutu hiyo, mpaka juu ya mfuniko! Nimekaa nao na kumbi la nazi na majivu tokea jana, mkono waniuma. Nitakurudishiaje chombo kichafu?"

"Na jitu liko wapi?"

"Limo ndani ya kitambaa, na kijitabu chake. Sijalitia hata tone la mafuta."

"Sisemi diski. Jitu lililokuwa juu ya mkebe."

Nikamwona anaweka mkono mdomoni.

"Ile ilikuwa sura?"

"Sura."

"Wallahi niliona kama macho," akasema, "nikasema kutu hii mbaya kweli, ina macho, nikazidi kusugua!"

Nilitaka kukasirika. Nakiri nilivuta pumzi kwa kazi hiyo. Lakini pumzi ikanijia na iliki, nikatia kisheti mdomoni.

"Sukari imezidi," nikamwambia.

"Imezidi wapi! Ulimi wako huo umezeeka."

"Wewe mwenyewe umekula?"

"Nshakula. Vilivyovunjika vyote vyangu."

Basi nikakaa kwenye kiti nikala visheti, na mkebe mapajani. Rangi ile imechomwa kiwandani. Imepita bahari, joto la Maskati na mvua za masika yetu, haikubanduka hata punje. Mkono wa mtu anayekufa hauwezi kuifuta.

Binti yangu alipofika na mkebe wa nne, jambo la kwanza alilofanya ni kupiga ukelele.

"Mama! Watu wanautafuta huu dunia nzima! Nani kaufanya hivi?"

"Jirani."

"Nitakutafutia mwingine."

"Sitaki. Weka huo mahali pake."

Akauweka huku akiguna. Ikasimama minne: mwanamke anakimbia, mkono na taa, bati linalong'ara, chumvi. Kila anayekuja kutazama huuliza kwa nini yule mwanamke anakimbilia kitu kisichokuwepo, nami huwaambia jitu lilikuwepo, limeoshwa.

Eda ilipokwisha, jirani yangu aliogeshwa, akavaa, akatoka, na nyumba ya kwanza kuiingia ni yangu. Hakutaka kahawa. Akaenda moja kwa moja kwenye kabati, akajiona ndani ya bati lake, akaurudisha vizuri mtandio uliomteleza.

"Ya nne hiyo umeshaipata," akasema. "Nipe niende nayo."

Nikaitoa diski, nikaiweka kwenye bakuli la udongo, nikalifunika kwa kawa.

"Na mkebe wake?"

"Ng'oo!" nikamwambia, nikafunga kabati kwa ufunguo.