Mwaka Mume Wangu Alipohamia Nyumbani

Ipo siku moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka nacheka, mwanangu. Nilifungua mlango wa stoo yangu kule Mbeya, kabichi zikaniangukia miguuni. Nyuma yake kulikuwa na gunia la viazi, ndoo mbili za nyanya na mkungu wa ndizi, na nyumbani tulikuwa wawili tu.

Mume wangu, Baba Tumaini, alikuwa ndiyo kwanza amestaafu udereva wa malori. Mimi nilishaacha uuguzi kabla yake. Ndoa yetu ni ya zamani, lakini siku tulizokaa pamoja zilikuwa chache. Yeye barabarani, mimi zamu. Na madereva, unawajua, wakiona kitu cha bei rahisi njiani hununua kwa gunia. Sasa lori halikuwapo, ila mkono ulikuwa bado umezoea. Asubuhi anakwenda sokoni Mbalizi, mchana anarudi na mzigo.

"Bei ya kutupa, mama," ananiambia, uso umemkunjuka.

Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuziona kabichi za mume wangu.

Pensheni ikawa inakata kabla mwezi haujafika katikati. Nikigomba, anakwenda kukaa nje kuangalia magari ya watu. Mwishowe nikafunga begi nikaenda Iringa kwa shangazi yangu. Nilisema nakwenda kumsalimia, lakini kwa kweli nilikuwa nimemkimbia mume.

Shangazi ni Mhehe asiyepamba maneno. "Kamwene," akanipokea, akanikalisha, akawa anachambua maharage huku akinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Nani anapanga matumizi pale nyumbani?" akauliza.

"Mimi."

"Nani anajua kilichobaki jikoni? Nani anaamua bustani ipandwe nini?"

"Ni mimi, shangazi. Nimezoea hivyo."

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akasema. "Wewe mwenzako umemfanya mgeni tangu uolewe, halafu unashangaa anakuletea zawadi."

Nilicheka, kisha machozi yakanitoka. Kumbe kwa zile kabichi mume wangu alikuwa anabisha hodi kwake mwenyewe.

Niliporudi sikugomba. Tulikaa mezani tukazitazama hela zetu pamoja, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya. Tukatenga ya chakula, ya dawa, ya michango, maana harusi na misiba haikosi, na kidogo cha akiba. Soko na bustani nikamwachia yeye kabisa, na sharti moja tu: anunue cha kutosha watu wawili. Akakubali. Halafu akauliza, "Na fungu la kutembea liko wapi?"

"Watu wazima sisi, tutembee kwenda wapi?"

Akainama kidogo. "Nchi hii nimeipita yote nikiwa kwenye usukani. Wewe hujawahi kukaa pembeni yangu hata safari moja."

Nikazivuta zile hela, nikatenga fungu hilo. Tukaanza kuweka kidogo kidogo, na miezi ikapita. Wanakwaya wenzetu walipokodi basi kwenda Ruaha kuona tembo, na sisi tulikuwa na nauli yetu. Baada ya kijiji cha Idodi barabara ilikuwa na vumbi na mashimo, na Baba Tumaini kila kona alikuwa anakanyaga breki isiyokuwapo. Nilimshika goti. Tulicheka mpaka watu wakageuka.

Basi, mwanangu, usingoje kustaafu ndipo umjue uliyeoana naye. Hela zenu zipangeni wawili, kwa sababu anayepangiwa kila kitu hujiona mpangaji katika nyumba yake. Mwenzako mpe kazi ya kweli, umwache aifanye kwa namna yake hata kama wewe ungeifanya vingine. Na hata kipato kiwe kidogo namna gani, toeni humo fungu dogo la kufurahi pamoja. Hilo nalo ni la lazima kama unga.

Mungu akujalie uzee wenye afya, sufuria isiyokauka, na mtu wa kucheka naye mpaka meno yaishe.