Kadi ya kompyuta iliyomwachia shemasi nusu ya nywele

Leo nimesababisha shemasi wetu abaki na nywele upande mmoja wa kichwa. Msicheke kabla ya kusoma.

Mjukuu wangu Neema anataka kadi moja ya picha kwa kompyuta yake: acheze michezo, tena ajifunze kutengeneza akili bandia.

Mfanyabiashara alituletea mbili kutoka Uvira, kubwa na ndogo. Moja ilipaswa kurudi na boti ya saa tisa.

Tukazijaribu kwa kinyozi hapa mjini Baraka, kwa kuwa ana umeme wa jua. Shemasi alikuwa kitini, ananyolewa.

Ile ndogo ilifanya zoezi la Neema la akili bandia polepole, lakini ikalimaliza. Mimi, mwalimu mstaafu, nikatoa hukumu: hiyo ni ya wavivu.

"Weka kubwa," nikaamuru. "Cheza mchezo, tuone nguvu yake."

"Babu, batri ya kinyozi itaweza?"

"Usinifundishe."

Magari yakakimbia kwenye kioo, mazuri ajabu. Nikapiga makofi. (Ndiyo, mimi.)

Kisha kila kitu kikazimika, pamoja na mashine ya kunyolea.

Shemasi akajishika kichwa.

"Mwalimu, kwako pano ya kuvuta umeme wa jua iko moja tu. Hii kubwa itakula nini? Itakukula weye? Acha mutoto achukue ndogo, asome!"

Neema alikuwa tayari anairudisha kubwa katika boksi lake.

Tumechukua ndogo.

Shemasi anahubiri saa kumi na moja. Mwenye mkasi mkali aje upesi, wala asiniulize lolote.