Jeni ya Nani Kichwani mwa Dada

Dada yangu alitupigia simu ya video kutoka Ubelgiji akiwa tayari kitandani hospitalini. Kesho yake madaktari wangemtoboa fuvu. Ugonjwa wa kutetemeka ulikuwa umemshinda hata kushika kikombe, vidonge havikumsaidia tena, akakubali kuingia kwenye majaribio ya tiba ambayo hakuna aliyetuahidi kwamba yangemponya.

Kwetu sisi watu wa Mto Kongo, upande wa Yanonge, mtu hapasuliwi kabla baba yake hajalowesha vidole kwa mate na kumgusa paji la uso. Dada amekaa Ulaya miaka mingi, lakini alisema wazi: papa, yaani baba yetu, asipombariki, haingii chumba cha upasuaji.

Mimi nafundisha biolojia, basi kazi ya kueleza nikatupiwa mimi, nikaiharibu. Nilimwambia papa kwamba ubongo wa dada umepungukiwa na dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kutembea na kutulia, na kwamba virusi visivyodhuru vitabeba jeni ya mtu mwenye afya hadi ndani ya kichwa chake, ubongo uweze kutengeneza dopamini tena. Shangazi, aliyeketi kando ya papa, aliposikia virusi akaguna. Papa hakujali virusi.

"Hiyo gène iko ya nani?"

"Ya mtu tu, papa."

"Mutu tu haiko. Iko ya famille gani? Baliomba papa na mama yake ruhusa? Na kisha, mutoto atakuwa wangu ao wao?"

Dada alikuwa anatusikia, kidevu kikimcheza, nami sikujua kama ni ugonjwa au kilio. Nikaanza upya, mbiombio: haikukatwa kwa mtu yeyote, maabara inatengeneza nakala tu. Jeni yenyewe sote tunayo, kila mtu huipata kwa baba na mama yake.

Nilidhani nimemaliza. Papa akavua kofia, akaiweka magotini. Aliponiuliza, sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Alors, ile yenye iliharibika, ni mi nilimupatia?"

Nilisema hapana. Nilisema haraka mno, kwa sababu ukweli ni kwamba sijui, na madaktari wenyewe hawajui. Papa alinitazama kidogo tu. Kisha akaivuta simu karibu na uso wake, akalowesha vidole, na kabla ya kumbariki dada, akamwomba msamaha.