Bawaba za Mlango wa Baba

Nyumba yangu ya Kashojwa niliijaza vitu vya watu walioondoka. Huku kwetu, kwenye kambi ya wakimbizi, familia ikiitwa kwenda Amerika, majirani tunakwenda kuwaaga kwa sala na nyimbo. Tunaimba kwa huzuni ya kweli, lakini macho hayana pazia: huyu anaipima meza, yule ameshalipenda kabati. "Amina" ya mwisho ikitoka tu, mtu anauliza kwa upole, "Na hii meza, munaiachia nani?" Meza yangu niliipata hivyo, pamoja na viti vitatu visivyofanana na godoro lililobonyea katikati. Sioni aibu. Siku yangu ikifika, nami wataniimbia huku wanatazama masufuria yangu.

Vitu hivyo nilivinunua haraka haraka kwa ajili ya mama. Alikuwa amefika kutoka Kivu ya Kusini, wakamwandikisha Kabazana, wanakopokelewa wakimbizi wapya, kisha nikamchukua nyumbani. Baba alikufa zamani. Mama alikuja na kifurushi kimoja cha kitenge, kidogo lakini kizito, akakiweka kando ya mlango na hakukifungua. "Mie niko napita tu," aliniambia. "Mvua ya kupanda ikianza, narudia kwetu." Kule kwetu bunduki zilikuwa bado zinalia. Nilipomkumbusha, alinijibu kwamba bunduki hazitamlimia shamba. Niliogopa kumpoteza, na mimi nikiogopa hununua vitu.

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama hakungoja kupewa. Alilichukua mwenyewe, akapalilia maharage yangu vizuri kuliko mimi. Lakini kifurushi kilibaki kimefungwa. Kila nilipoingiza kitu ndani alikisifu kama mtu anavyosifu nyumba ya jirani: "Ni muzuri, mwanangu. Mungu akubarikie." Nikakasirika, nikaamua kutafuta kitu kikubwa zaidi.

Kitu hicho kilikuwa mlango. Mpaka wakati ule tulijifungia kwa kipande cha turubai, na mama, ambaye baba alimtengenezea mlango wa mbao ngumu walipooana, alikiinua kwa vidole viwili kila alipopita. Mbarara, nyuma ya gereji moja, yuko mtu anayeuza madirisha na milango ya nyumba zilizobomolewa. Niliuona mlango wa kijani, mzito, wa mbao zisizopatikana tena. "Nyabo, hii mbao iko nguvu," muuzaji alisema; nyabo kwao ni bibi. "Sasa hapana pata kama hii." Nilimtania, akanitania, tukapatana. Niliupandisha juu ya lori lililokuwa linapeleka sukari Misiera, humo kambini kwetu, na njia nzima nilikuwa najisifu kimoyomoyo.

Tulipoushusha ndipo nikaona hauna bawaba. Zilikuwa zimefunguliwa kwa ustadi, na matundu ya skrubu yamebaki wazi. Nikampigia simu yule muuzaji. "Nyabo, wewe nanunua mlango," alisema bila hasira hata kidogo. "Vyuma iko na bei yake." Nilimtukana kwa Kiswahili, kisha kwa Kibembe, ambacho hakijui lakini kina matusi yanayotosha. Rahisi ghali. Nilizunguka maduka ya Misiera, bawaba zote zilikuwa nyembamba, na fundi akaniambia mlango ule utazivunja kabla ya Krismasi. Basi tukawa tunaunyanyua watu wawili, mimi na mama, asubuhi kuuondoa na jioni kuuegemeza.

Asubuhi moja ulituponyoka, ukaanguka kwenye matope. Mama aliutazama ulivyolala pale.

"Mulango bila vyuma ni ubao tu," alisema kwa uchungu. "Fasi mutu anaishi, nyumba yake, haifungwi hivi."

Akaketi, akakivuta kifurushi chake, akalegeza fundo kwa meno.

Ndani, chini ya nguo moja ya kanisani, zilikuwamo bawaba tatu kubwa na skrubu zake, zimepakwa mafuta ya mawese ili zisishike kutu. Nilizijua. Zilikuwa za mlango wa baba.

Siku ile mama alipokimbia vita, wenzake walipokuwa wanabeba magodoro, yeye alipiga magoti mlangoni na kisu, akazifungua moja moja. "Mulango batapasula kuni," alinieleza. "Vyuma haviungui. Nilisema, nikirudia, mbao nitapata. Vyuma hivi nitavitoa wapi?"

Nilikuwa nimeomba kila siku abaki. Sasa nilipoona anachokitoa ili abaki, nilitamani kukirudisha kwenye kifurushi na kukifunga mwenyewe. Nikalia. Hakunibembeleza, alinituma nikamwite fundi.

Fundi alizifunga kabla ya saa sita, nazo zikaubeba ule mlango bila kulalamika. Mama aliufungua, akaufunga, akaufungua tena, huku anasikiliza. Kisha akakikunjua kitenge cha kifurushi, akakitandika juu ya meza.

"Siku bakituita kwenda ndege," alisema, "batakuja kuimba, na huu mulango batautaka. Uuzishe. Lakini vyuma, unifungulie kwanza."