Magurudumu Manne hadi Ganshoren

Asubuhi ile nilitoka mtaani kwangu Saint-Josse na begi langu kwa sababu moja tu: nilikuwa nimechoka kutazama ukuta uleule. Theluji ilikuwa imefunika kila kitu. Nikatembea hadi barabara ya Chaussée de Wavre, na mbele ya duka la vyakula nikamkuta tonton mmoja, mzee wa Lubumbashi tuliyezoeana naye kwa salamu, akipakia unga wa muhogo kwenye gari lake kuukuu la jipu.

"Unaenda wapi?"

"Sijui bado."

"Bon, panda. Utanisaidia kushusha."

Njiani akamtaja mteja wake wa mwisho, maman wa Bujumbura mwenye chumba cha kupangisha kule Ganshoren. Étudiant mmoja, mwanafunzi wa chuo, angekwenda kukiona siku hiyohiyo, na maman angempa atakayetangulia. Mimi niliyetoka bila mpango nikajikuta nakitaka chumba hicho kuliko kifungua kinywa.

Baada ya kuvuka mfereji wa jiji, kwenye mlima, magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka bure.

"Shuka, ufunge roues za mbele."

Nilidhani ananitania. Kumbe katikati ya kila gurudumu la mbele kuna kifungo cha kuzungusha kwa mkono. Usipokizungusha, una magurudumu mawili ya kazi na mawili ya pambo. Nikazungusha, chuma kikinigandisha vidole. Yeye akavuta kijiti kifupi kando ya gia, tukapanda kama mbuzi, tukiyapita magari ya fahari yaliyokaa kimshazari barabarani.

Mteremko ulipoanza nikasema, "Tonton, kanyaga mafuta."

"Ya kupanda, iko fort, iko na nguvu. Ya kusimama, iko gari kama zingine. Ku frein, ukifunga breki, hata taxi iko na roues quatre, nne kama hii."

Akashuka kwa gia ya kwanza, kama anayesindikiza bibi harusi. Jipu jipya likatupita, dereva akatupungia mkono. Chini tukalikuta limeingiza pua kwenye ua wa miti wa mtu, dereva mzima, amesimama kando akijikuna kichwa.

"Bonjour, monsieur," tonton akamwambia kwa heshima zote, akatafuta kamba. Tukamvuta. Mimi niliona chumba kinaniponyoka.

Maman alitufungulia akiwa ameshavaa koti la kazini. Étudiant alikuwa amepiga simu: basi lake limekwama, hatakuja. Maman akatazama begi langu.

"Umekuja kuona chumba, ao umehamia?"

"Acha akione kwanza," tonton akasema. Lakini alikuwa tayari ngazini, gunia begani, begi langu mkononi.